Madoa kwenye ubongo wa mgonjwa wa saratani: nani amethibitisha?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58. Ana saratani ya mlango wa kizazi hatua ya nne, na alishapigwa mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road. Siku hizi anaumwa sana kichwa, na juzi alianguka akatetemeka mwili mzima. Picha ya CT imeonyesha madoa matatu kwenye ubongo. Ndugu wanasema saratani imepanda kichwani, tumtulize tu nyumbani. Kuna mtu ametuuzia vidonge vya deksa na unga wa kusafisha ubongo. Tangu aanze deksa kichwa kimetulia. Tuendelee? – Msomaji, Makorora, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole kwa kuuguza. Unga huo acheni leo. Deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) msiikatishe wenyewe, maana mwili ulioizoea ukinyimwa ghafla unaweza kuporomoka. Mpelekeni mama Hospitali ya Bombo leo hii, na paketi za dawa zote na picha yenyewe ya CT, si karatasi ya majibu peke yake.

Kauli hiyo ya "imepanda kichwani" naisikia kila mara, na inaniuma. Nani amethibitisha? CT inaonyesha kuna doa. Mara nyingi haisemi limetokana na nini. Saratani zinazokimbilia ubongo ni za mapafu, titi, figo na ile ya ngozi iitwayo melanoma. Ya mlango wa kizazi hufika huko mara chache. Mwaka 1990 Patchell na wenzake, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 54 wa saratani, kila mmoja akiwa na doa moja lililodhaniwa ni saratani iliyosambaa. Kinyama kilichochukuliwa kwenye doa kilipopimwa, 6 hawakuwa nayo. Ni kweli mama ana madoa matatu, na wingi huongeza shaka ya kusambaa. Lakini TB ya ubongo na toksoplasma, uambukizo wa vimelea, nazo huja na madoa mengi, na huku kwetu hayo si magonjwa ya vitabuni.

Mama amepimwa VVU lini? Msione haya kuuliza. Saratani hii huwapata zaidi wanawake wenye VVU, na kinga ikishuka toksoplasma hupata nafasi. Hiyo inatibika kwa kotrimoksazoli ya dozi kubwa, na picha ikirudiwa baada ya wiki mbili hivi huwa inaonyesha kama dawa imeshika. Yupo pia tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye watoto wake huweza kujikita kwenye ubongo na kuacha madoa. Msiniambie mama hajawahi kula nguruwe: mayai yake huingia kwa chakula au maji yenye kinyesi cha mtu mwenye tegu.

Deksa hupunguza maji yanayojaa kuzunguka doa, liwe la saratani, la TB au la jipu. Nafuu ya mama haijathibitisha chochote. Mkononi mwa daktari ni dawa nzuri mno. Ikinywewa kienyeji hushusha kinga na uambukizo ukapata kustawi, na kama doa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga, husinyaa kwa muda, kinyama kikichukuliwa kisionyeshe kitu.

Ombeni MRI yenye dawa ya kung'arisha picha, vipimo vya damu, na uchunguzi wa TB. Maji ya uti wa mgongo yasichukuliwe kabla daktari hajaisoma picha, maana presha ya kichwa ikiwa juu ni hatari. Kuchukua kinyama cha ubongo ni uamuzi wa madaktari wa upasuaji wa MOI, Taasisi ya Mifupa Muhimbili inayotibu pia ubongo, iwapo mama ana nguvu za kuhimili na jibu litabadilisha matibabu.

Ikithibitika ni saratani, bado kuna mionzi ya kichwa, dawa za kifafa na morfini. Kumtuliza nyumbani kunaweza kuwa uamuzi wa heshima kabisa, lakini ufanywe baada ya vipimo, na mama mwenyewe aulizwe.

Na ninyi wengine wenye wagonjwa wa saratani: anayewauzia deksa bila cheti cha daktari, au unga wa kusafisha ubongo, hajaiona picha ya mgonjwa wenu na hatakuwepo usiku degedege likirudi. Likipita dakika tano, au mgonjwa akilegea upande mmoja au akawa haamshiki, msingoje asubuhi.