Ukienda Beijing kula bata, anza na ngozi

Wengi wakifika Beijing huagiza bata wa kuoka wakiwazia mnofu, kama wanavyoagiza kuku mzima kule nyumbani. Lakini kilichomtoa jasho mpishi ni ngozi. Kabla hajaingia tanurini, bata hupulizwa hewa ili ngozi iachane na mafuta, humwagiwa maji ya moto, hupakwa sukari ya kimea, kisha hutundikwa mpaka ngozi ikauke. Kwa hiyo akishaletwa mezani, weka simu chini ule. Ngozi ikipoa inalegea, na hela yako imekwenda.

Kwenye mgahawa wa maana, mpishi husukuma kitoroli hadi mezani na kumkata bata mbele yenu. Vile vipande vya mwanzo vya ngozi ya kifua huwekwa kwenye kisahani cha peke yake. Chovya kimoja kwenye sukari nyeupe. Ndiyo, sukari! Mimi nilisitasita, lakini kile kipande kilivunjika kacha, mafuta na sukari vikayeyuka pamoja, nikanyamaza. Mnofu unafuata baadaye: chukua kichapati chembamba, paka ule mchuzi mweusi mtamu wa unga wa ngano uliochachushwa, panga nyama, vitunguu vya majani na tango, kunja. Vijiti vikikushinda, tumia mkono. Hakuna atakayekushangaa.

Majina makongwe ni mawili. Bianyifang, wanaohesabu historia yao tangu 1416, huoka kwenye tanuri lililofungwa, bata akiiva kwa joto la kuta bila kuguswa na moto. Quanjude, walioanza 1864, humning'iniza kwenye tanuri la wazi lenye kuni za miti ya matunda. Wa kwanza nyama yake hubaki na majimaji. Wa pili ngozi yake hukauka vizuri na kunukia moshi kidogo. Mimi ni mtu wa kuni, sifichi.

Bata mzima ni wa watu watatu au wanne. Mkiwa wawili ulizeni nusu, sehemu nyingi wanauza, hata kama mhudumu atawasukumia mzima. Angalia pia kama vichapati na mchuzi vimo kwenye bei. Mahali pamoja nilikuta kila kitu kimeandikwa peke yake kwenye bili. Na mifupa msiiache: sema mapema kama mnataka supu au ikaangwe kwa chumvi na pilipili. Nendeni mapema jioni, maana Wachina hawali usiku kama sisi.

Kwa Waislamu, migahawa mingi ya bata hupika na nguruwe humo humo. Tafuta maandishi 清真, yaani halali, mlangoni, au nenda mtaa wa Niujie, karibu na ule msikiti mkongwe, wanakoishi Waislamu wa Kihui.

Ndugu zangu wa Kariakoo mnaoishia Guangzhou, bata mnayemwona ametundikwa dirishani ni mwingine kabisa. Huyo hukatwakatwa na mifupa yake, huliwa na wali na mchuzi wa plamu, bei yake ya kawaida tu, na mara nyingi jirani yake kwenye ndoano ni nguruwe. Ni mtamu, ila msije mkarudi mkasema mmekula bata wa Beijing.