Kufuta majina peke yake hakutoshi

Dada, umeuliza kama upandishe mahojiano yako 30 ya wavuvi wa kisiwa cha Mafia kwenye hazina ya data ya wazi, yaani tovuti ambayo yeyote anaweza kuyasoma, kwa vile mfadhili kakomaa na majina ushafuta. Usipandishe kwanza. Kule tangu Hifadhi ya Bahari ianze 1995 suala la wapi uvue na kwa nyavu gani linagusa watu, na kijiji ni kidogo, ukiacha sentensi kama "nilikuwa kamati ya kijiji halafu nikauza minazi nikanunua mashine ya boti" hata mtoto wa dukani anajua huyo ni nani, na kama humo ndani kamtaja mtu anayevua kwa baruti basi ushamuuza.

Sauti usitoe kabisa, sauti ya mtu ni jina lake. Kwenye maandishi, umri kamili, cheo, majina ya miamba na madago (kambi za wavuvi), yote hayo yafanye ya jumla. Halafu angalia fomu ya ridhaa, walisaini nini hasa? Kama ni "kwa utafiti huu tu" itabidi urudi ukawaulize, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo ipo.

Mfadhili mwambie kuna hazina zinazofunga data, mtu anaomba ndo anapewa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani. Mimi kwenye utafiti wangu wa mikoko niliweka wazi mwongozo wa maswali na maelezo ya "codes" zangu tu, yaani lebo nilizotumia kupanga majibu kimada, mahojiano nikafunga, na mfadhili alitulia.