Barua kwa mwanangu: kijana wenu msimuachie ashinde

Mwanangu mpenzi,

Meseji yako ya jana nimeisoma na nikairudia. Unasema kijana wenu analia kila akishindwa ludo, anasukuma bodi anakimbilia chumbani, bwanako anaona bora muwe mnamuachia ashinde mpaka akue kidogo, we hutaki, ndo ukaniuliza sisi tulipokuwa wadogo hapa Tororo kwetu Uganda wazazi wetu walikuwa wanatuachia au vipi. Hapana mama. Hawakutuachia hata kidogo. Lakini walikuwa na njia zao za kucheza na mtoto, na hizo ndo nataka nikuandikie.

Si unajua tulikaa kota za reli, jaja yako, yaani baba yangu, alikuwa fundi wa injini. Uwanja mmoja una Wapadhola, Wateso, Wagisu, Wasamia, Wajaluo kutoka Kenya, wote tunaongea Kiswahili manake hakuna lugha nyingine ya kutuweka pamoja. Jioni wanaume wakishaoga wanakaa chini ya mwembe na mweso, lile bao la mashimo, mtoto unaruhusiwa kuangalia ila mdomo ufunge. Nimejifunza kwa kuangalia tu. Baadaye tukawa tunachimba wetu kwenye udongo nyuma ya jiko, mashimo 32, safu nne za manane manane, kila mtu na safu zake mbili, na kokoto badala ya kete, mvua ikinyesha usiku kesho yake mnachimba upya na ugomvi wa nani alikuwa anashinda mnauanza upya.

Kwenye mweso hakuna dadu ndo maana jaja aliupenda. Kila mtu anaanza na kete 32, anazipanga upande wake vile anavyotaka, halafu unachota shimo lenye kete mbili au zaidi unapanda moja moja kuzunguka, ya mwisho ikianguka kwenye shimo lenye kete unachota tena unaendelea, na kama shimo hilo liko safu yako ya ndani na mwenzako mashimo yake yote mawili ya hapo mbele yana kete basi unazila zote. Zile ulizokula unazipanda kuanzia pale pale ulipoanzia. Sasa mtu mzima hahesabu kwa kidole. Jaja anaangalia bodi, mikono iko magotini, kimya kabisa, halafu akinyanyua zile kete zinamtoka kwenye ncha za vidole moja moja ko ko ko, hata hatazami chini, ameshajua ya mwisho inaishia wapi.

Na mimi binti yake akaniita nikae mbele yake nicheze. Wazee wengine walinung'unika ati mweso sio wa wasichana, yeye akasema huyu ni wangu mwacheni. Hakuniachia. Alichofanya ni kupanga kete zake kwanza, wazi, nizione, ndo mimi nipange zangu kumjibu. Na nikicheza vibaya anauliza, una uhakika? Akishauliza hivo unajua kuna kitu hujaona, unaruhusiwa kuangalia tena, mara moja tu.

Kwenye drafti ndo alikuwa wazi zaidi. Bodi yetu ilikuwa kipande cha plaiwudi amekipaka miraba kwa lami, kete zenyewe ni vizibo vya soda, vyako umevigeuza juu vya mwenzako chini. Kila mtu anakuwa na 12. Yeye akicheza na mtoto anaanza na nane, vinne anavitoa anaviweka pembeni kwenye mkeka mbele ya macho yako. Ukimshinda, mchezo unaofuata kizibo kimoja kinarudi. Ukimshinda tena kinarudi kingine. Yaani mtoto anaona vile vizibo pale mkekani vinapungua anajua anakua, hakuna wa kumdanganya. Siku kaka yangu mkubwa alipomshinda na vizibo vyote 12 viko ndani alitoka mbio akatangaza kota nzima, na jaja akamfuata nje akampa mkono kama anavyompa mtu mzima mwenzake, mbele ya wenzake wa kazini. Hiyo mambo mwanangu huwezi kumpa mtoto uliyemuachia ashinde kwa siri, manake wanajua, nakwambia wanajua, wanaona mama leo amecheza kijinga, na wanaona haya kwa ajili yako.

Halafu ludo. Ile bodi yetu ya glasi yenye fremu ya mbao, unaikumbuka, ilikuwa ya majirani Wajaluo. Mwaka 1977 jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika reli nayo ikagawanywa, kila nchi na yake, wale wakafunga mizigo wakarudi kwao Kisumu. Watoto wao ndo walikuwa marafiki zetu, tulikuwa tunacheza nao kila siku baada ya shule. Asubuhi ya kuondoka mama yao akatuletea ile bodi imefungwa kwenye kanga, akasema huku tunakokwenda itavunjika glasi. Tulilia sana. Rangi ya kijani ilikuwa ya binti yao na kwa muda mrefu hakuna aliyetaka kuichukua.

Miaka ile ya Amin watu hawakutembea usiku, giza likiingia mko ndani, sukari hakuna, mnakunywa chai kavu na mihogo, taa ni tadoba, kile kibatari cha mafuta ya taa. Dadu tunatikisa kwenye kopo la Kiwi, ile rangi ya viatu. Jaja yako mke kwenye ludo hakuwa na huruma, kete yako imebakiza hatua moja iingie nyumbani na yeye anaila anapiga vigelegele! Lakini usiku tulikuwa tunacheza wawili wawili, rangi zinazotazamana ni timu moja, na mdogo kuliko wote lazima awe timu ya mama. Akishindwa hajashindwa peke yake, mama naye ameshindwa, na mama anasema haya tumepigwa leo, kesho tunawapiga. Hii mjaribuni kwanza. Mtoto wa umri wake kushindwa peke yake mbele ya baba na mama ni mzigo mkubwa jamani, kushindwa na mtu amekaa kando yake ni kitu kingine.

Kuhusu kusukuma bodi. Mjomba wako aliipindua usiku mmoja, kete zikaruka mpaka chini ya kitanda. Tukajua leo ni fimbo. Jaja akasema tu, zirudishe kila moja mahali ilipokuwa. Akatambaa na tadoba akazitafuta, akazipanga akilia kamasi zinatoka, na unajua alikumbuka zote, hata zile zilizokuwa zinamshinda aliziweka palepale. Mchezo ukaendelea. Hakuna aliyemcheka. Hilo ndo ningeomba mlishike sana, msimcheke akilia na msimwambie wanaume hawalii, mwacheni alie ila bodi airudishe na mchezo umalizike.

Simu umesema ndo anaitaka badala ya bodi, sababu kwenye simu hamumwoni akishindwa. Mimi simu siipingi, lakini pale simu ndo inamsogezea kete na inamhesabia, yeye anabonyeza tu. Akicheza kwa mkono akipata tano anagonga moja, mbili, tatu mpaka tano, wa kwetu wote tulijua kujumlisha kabla mwalimu hajatufundisha.

Basi anzeni na drafti, ni rahisi kupata vizibo, muulizeni mama wa duka pale chini awawekee. Baba yake acheze na nane, vinne viwe pembeni mtoto avione. Ludo iwe ya timu, kijana na wewe dhidi ya baba na dada yake. Mweso bado, huo mniachie mimi. Shule zikifungwa mwezi wa nane mlete akae huku mpaka wafungue, bodi ya jaja ninayo na kete zimetimia, na nitapanga zangu kwanza.

Msalimie bwanako, mwambie sijamkasirikia.

Mama yako