Kurasa kumi kwa siku zinatosha, ila zipe mahali pake

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama kusoma vitabu kila siku kunambadilisha mtu kweli, na mtu ambaye hajamaliza kitabu tangu kidato cha nne aanzie wapi. Naanza na la pili, maana la kwanza linategemea hilo.

Piga hesabu kwanza. Ukurasa wa riwaya ya kawaida una maneno kama 250 hadi 300. Aliyekaa miaka bila kusoma huumaliza kwa dakika mbili au tatu. Kurasa kumi basi ni nusu saa hivi. Kwa mwaka zinafika 3,650, yaani vitabu 18 vya kurasa 200. Usiongeze, hata siku unayojisikia. Wanaojipangia kurasa 50 hufika siku ya nne, ya tano kazi inazidi, ya sita wanaona aibu hata kukishika kitabu, na hapo ndipo mambo yanapoishia.

Usizifunge kurasa hizo kwenye saa ya ukutani. Zifunge kwenye jambo unalolifanya kila siku bila kukumbushwa: baada ya swala ya alfajiri, baada ya chai, ukishafunga duka. Ukisema "saa mbili usiku", siku foleni ikikushika Ubungo umeshakosa. Ukisema "nikishakula", utakula hata saa nne na kitabu kitakuwepo. Simu ikae chumba kingine. Kuizima sauti hakutoshi, kwa sababu kila ukiitupia jicho unarudi kuisoma aya ileile upya. Kitandani usisome, utasinzia ukurasa wa tatu. Kaa kwenye kiti, taa itokee nyuma ya bega. Kwenye daladala wapo wanaoweza. Wengine hupata kichefuchefu, kwa kuwa macho yanaona ukurasa uliotulia huku sikio la ndani linahisi mwendo. Kama ni wewe, acha, usijilazimishe.

Kitabu cha kwanza kiwe hadithi, kiwe cha Kiswahili, kisizidi kurasa 150. Ukiwa dukani au kwa muuza vitabu vya mitumba, fungua ukurasa wa katikati na uusome wote. Ukikuta maneno zaidi ya matano usiyoyajua, kirudishe, zamu yake itakuja. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kuanza na kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu mafanikio kwa sababu kila mtu anakitaja. Anapambana na lugha na hoja kwa pamoja, anachoka, halafu anaamini yeye si mtu wa kusoma. Kama fedha ni ngumu, nenda maktaba: Dar es Salaam ipo Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa 1967, na mikoani zipo za mikoa. Vitabu vya kwenye simu ni sawa, lakini si vile vilivyoskaniwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, kwa sababu utakuwa unausukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari.

Sasa daftari, na hapa naomba utulie. Nunua daftari dogo la mistari. Kila siku liandikwe vitu viwili tu: maneno mapya yasiyozidi matatu, na sentensi moja ya kwako kuhusu ulichosoma. Neno liandike pamoja na sentensi ulimolikuta. Ukikuta "alitoka kwa ghaidhi, akaubamiza mlango", andika yote, kisha andika unachokisia: hasira? Usikimbilie kamusi katikati ya kusoma, unakata uzi. Maliza kurasa zako, ndipo ufungue. Na kamusi ya Kiswahili ina namna yake, wengi hawaipati nomino kwa sababu wanaitafuta katika wingi: "ndimi" iko kwenye "ulimi", "nyuso" iko kwenye "uso", "kuta" iko kwenye "ukuta". Vitenzi vivue viambishi: "walipokinzana" tafuta kwenye "kinza". Kesho yake, kabla ya kuanza, soma kwa sauti ulichoandika jana. Dakika mbili. Bila hatua hii ya mwisho, daftari linakuwa kaburi la maneno.

Hili si jambo jipya. Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, akiwa kifungoni Massachusetts, Marekani, miaka ya 1940, aliona uchungu kwamba hawezi kuandika barua ikasema anachotaka. Akaomba kamusi, akanakili ukurasa wa kwanza hadi alama za vituo, kazi iliyomchukua siku nzima, kisha akajisomea kwa sauti. Akaendelea hivyo, na vitabu vilivyokuwa vikimshinda vikaanza kufunguka. Mtu aliyesimama majukwaani baadaye alijengwa pale. Ila usiige taa yake: taa zilizimwa saa nne usiku, akawa anasomea mwanga wa korido hadi usiku wa manane, na mwenyewe alisema ndipo macho yake yalipoharibikia.

Kuhusu kubadilika, usitazamie wiki mbili za kwanza. Hizo ni za akili kutangatanga, ni kawaida. Kitakachotangulia ni uvumilivu wa jambo refu. Chukua mkataba wa mkopo wa kurasa nane. Asiyezoea husoma ukurasa wa kiasi cha fedha, anaruka hadi mahali pa sahihi. Aliyezoea kurasa kumi kila siku anafika kifungu cha 14, anakuta adhabu ya kuchelewa inahesabiwa kwa siku na si kwa mwezi, anauliza kabla ya kusaini. Hiyo peke yake inaweza kuokoa nyumba ya mtu. Kisha kuandika kunafuata: barua ya kazi inakuwa fupi, malalamiko yanaeleweka mara moja, kwa sababu umeshaona mamia ya sentensi zilizopangwa vizuri.

Kwa wanaosema hawana muda: Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri zake za tamthilia mbili za Shakespeare mwaka 1963 na 1969, akiwa Rais.

Ukikosa siku moja, usilipe kwa kurasa 20 kesho yake, soma kumi zako. Ukikosa tatu mfululizo, tatizo ni kitabu au jambo ulilozifungia kurasa zako: badilisha kimoja, si vyote viwili. Kitabu kikikuchosha hadi ukurasa wa 50, kiache bila kuona haya. Na siku unapomaliza kimoja, fungua kinachofuata hapohapo usome hata ukurasa mmoja, maana pengo kati ya kitabu na kitabu ndilo linalowapoteza hata wasomaji wa siku nyingi.