Binti mpe, na wewe kisome tena

Dada wa Mikindani, unauliza kama ni vibaya mtu mzima kulia kwa hadithi anayomsomea mwanawe wa miaka 9, na kama binti wa kidato cha tatu anaiweza riwaya ya Kusadikika. Kulia si vibaya hata kidogo. Endelea kumsomea kwa sauti.

Binti mpe. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, enzi za ukoloni, na ni kitabu chembamba. Nilipokisoma shuleni hapa Lindi nilinaswa na safari za wajumbe sita wanaosimuliwa humo. Ukubwani aliyenitoa machozi ni Karama, mshtakiwa anayejitetea peke yake mbele ya baraza. Kwa hiyo usimwambie kilichokugusa wewe. Muulize kwanza chake, umsikilize mpaka amalize.