Jibu: Hicho kinoo cha rangi mbili cha babu yako

Ndugu, umeuliza kama jiwe ulilolikuta kwenye sanduku la marehemu babu yako, aliyekuwa kinyozi pale Kibuye, ni kinoo cha wembe au kipande cha kigae tu. Tafadhali usilitupe! Upande mmoja manjano kama siagi, wa pili buluu iliyoelekea zambarau: hiyo ni dalili kubwa ya kotikule, jiwe la Ardennes, Ubelgiji, maeneo ya Vielsalm. Kinachonoa ni chembechembe za ganeti, aina ya madini magumu, zilizomo ndani yake.

Lioshe kwanza kwa maji vuguvugu na sabuni, maana mafuta ya miaka mingi huficha rangi. Kisha litazame ubavuni, pale rangi zinapokutana. Mpaka ukipindapinda, tabaka hizo zilishikana zenyewe ardhini. Ukinyooka kama uzi, huenda zimeunganishwa kwa gundi, kwa hiyo usiliroweke. Halafu dondoshea maji upande wa manjano na usugue kidogo kwa msasa laini wa maji. Ukitoka uji mweupe kama maziwa, mimi sitakuwa na shaka tena. Kinoo cha Arkansas, Marekani, ni jiwe gumu mno, halitoi uji kirahisi hivyo. La Thuringia, Ujerumani, mara nyingi huwa kijivu, buluu au kijani, bila tabaka la manjano kama hilo.

Langu nililinunua Nakuru likiwa na bonde katikati, mtu alikuwa akinolea visu vya nyama. Kulisawazisha kwa msasa juu ya kioo kulinichukua jioni mbili. Lako lisiguswe na kisu kabisa. Tuwekee picha ya ubavu.