Muulize Bibi Mwalimu: Mbona maji hayaishi kilindini?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mawimbi yanakuja ufukweni usiku na mchana. Mbona maji hayaishi kule kilindini?
Msomaji wa darasa la nne, Bagamoyo

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nilipokuwa na umri wako nilitupa kifuu cha nazi nyuma ya mawimbi, nikakaa mchangani nikisubiri kiletwe. Wimbi lilipopita chini yake, kilipanda, kikasogea mbele kidogo, kikashuka, kikarudi nyuma karibu palepale. Kumbe kilikuwa kinanionyesha mwendo wa maji yenyewe: yanazunguka kama gurudumu. Kinachosafiri ni nishati, ile nguvu ambayo upepo umeyapa maji huko mbali.

Hebu funga kamba kwenye mwembe, uitikise mara moja. Mkunjo utakimbia hadi mtini, na kamba bado unayo mkononi.

Karibu na ufuko kina kinapungua, wimbi linapunguza mwendo, linainuka, linavunjika. Hapo ndipo maji yanapourukia mchanga, kisha yanarudi baharini.

Nishati ya mawimbi husafiri mbali mno, hata isipotokana na upepo. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilitokea baharini karibu na Sumatra, Indonesia, na siku ileile mawimbi yake yakafika pwani yetu, yakaua watu. Maji ya Sumatra yalibaki Sumatra. Kwa hiyo, mjukuu wangu, ukiona bahari inakupwa ghafla kuliko kawaida, huenda mawimbi kama hayo yanakuja: usiwafuate samaki walioachwa. Kimbilia mwinuko.